Bunduki haimwokoi chura

Ndugu Mhariri,

Habari za wanyamapori nchini zina mapishi yake yanayojulikana: tembo wameongezeka, faru amezaa, askari wamehitimu mafunzo, magari ya doria yamekabidhiwa, waziri amepiga picha. Hatuna ugomvi na habari hizo. Tunachotaka kusema ni kwamba zimemzoesha msomaji, na pengine mpanga bajeti pia, kuamini kuwa uhifadhi ni kazi ya askari na bunduki, na kwamba mnyama akipungua basi jangili amepita.

Kwa tembo ilikuwa hivyo kweli. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta tembo zaidi ya 109,000 nchini. Ya mwaka 2014 ikakuta 43,000 na ushei. Pengo kubwa lilikuwa Selous na Ruaha. Kilichowamaliza kilikuwa risasi, kwa hiyo tiba ikawa kuizuia risasi: doria, wapelelezi, na kufuatilia mnyororo wa biashara hadi kwa wenye fedha. Mwaka 2019 Mahakama ya Kisutu ilimfunga miaka 15 mfanyabiashara raia wa China kwa kusafirisha meno ya tembo, na huyo hakukamatwa porini bali mjini. Tembo wakaanza kurudi, na leo wanakadiriwa kufika 60,000 hivi. Ugonjwa ulijulikana, dawa ikafanya kazi.

Kosa ni kuifanya dawa ya tembo kuwa dawa ya kila mnyama. Nchi hii ina zaidi ya kilomita za mraba 940,000, kuanzia miamba ya chini ya bahari Tanga hadi misitu ya ukungu ya Rungwe, na wanyama wake walio hatarini wanakufa kwa sababu ambazo hazifanani hata kidogo. Kabla ya kununua gari jingine la doria, mtu aulize kwanza: huyu anakufa kwa nini?

Tuanze na chura wa Kihansi, kwa sababu kisa chake kina mafunzo mengi kuliko cha faru na kinasimuliwa mara chache. Ni chura wa rangi ya dhahabu ambaye akikomaa hafikii sentimita tatu. Hatagi mayai majini kama vyura wengine. Anazaa watoto walio hai, kamili na miguu yao. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa, mahali ambapo maporomoko yalikuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili. Hekta mbili ni karibu viwanja vitatu vya mpira wa miguu.

Alipogunduliwa, ujenzi wa bwawa la umeme la megawati 180 ulikuwa umeshaanza. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji, kama asilimia 90, ikaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika, na majani ya korongoni yakaanza kukauka na kubadilika. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walikamatwa na kupelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani kama akiba. Korongoni kukafungwa mabomba na vinyunyizio vya kuiga manyunyu ya maporomoko. Ikafaa: kufikia Juni 2003 vyura walikadiriwa kuwa karibu 20,000. Januari 2004 watafiti waliona watatu tu na kusikia madume wawili wakilia.

Katika miezi ile michache mambo matatu yalikutana. Vinyunyizio viliharibika wakati wa kiangazi. Milango ya bwawa ilifunguliwa kwa muda ili kusukuma tope, na tope lile lilikuwa na viuatilifu vya mashamba ya mahindi ya juu ya mto. Halafu ukaonekana ukungu wa kitridi, yaani kuvu aletaye ugonjwa wa ngozi unaoua vyura sehemu nyingi duniani, ambao unaweza kusafiri katika tope la soli ya kiatu. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kutoweka porini. Kizazi cha wale 499 kilirejeshwa nchini, kikatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Kihansi kwenyewe, na tangu 2012 wamekuwa wakiachiwa tena korongoni.

Hakuna jangili aliyewahi kukanyaga Kihansi kumtafuta chura huyu. Ulinzi wake ni wa fundi bomba. Maji ya mto yana mchanga na majani, nozeli ya kinyunyizio ina tundu dogo, kwa hiyo kichujio kisiposafishwa kila mara tundu linaziba na kipande cha korongo kinakauka bila mtu kujua. Panahitajika vipuri vilivyopo tayari stoo, kwani kuagiza kipuri baada ya kuharibika ndiko kulikotufikisha 2004. Anayeshuka korongoni, awe mtafiti au mgeni mheshimiwa, aoshe buti kwa dawa ya kuua ukungu na apite kwenye njia za mbao bila kukanyaga majani. Tope la bwawa lipimwe kabla ya kufunguliwa. Wakulima wa juu ya mto waulizwe wananyunyiza nini na lini. Kazi zote hizo ni ndogo, hazina picha nzuri, na ndizo za kwanza kukatwa bajeti inapobana.

Nyani na kima wa misituni wana shida nyingine. Kipunji, ambaye Wanyakyusa walikuwa na jina lake kabla sayansi haijamjua, alionekana na watafiti mwaka 2003 kwenye miteremko ya Rungwe, na mwaka 2006 ikathibitika kuwa ni jenasi mpya kabisa, ya kwanza ya kima barani Afrika tangu miaka ya 1920. Hesabu ya kwanza ya kina ilikuta 1,117 tu. Wako Rungwe na misitu ya Livingstone ndani ya Kitulo, na kundi dogo liko Ndundulu, Udzungwa, umbali mrefu kutoka kwa wenzao.

Kipunji anaishi juu ya miti na hapendi kutembea ardhini. Kwake kilomita moja ya shamba ni kama kilomita moja ya bahari. Msitu ukikatika katikati, makundi mawili yanaanza kuoana ndugu kwa ndugu bila kujua, na ugonjwa mmoja unaweza kulifuta kundi zima. Ndiyo maana pengo la Bujingijila, kati ya Rungwe na Livingstone, lina uzito kuliko ukubwa wake kwenye ramani.

Kufunga pengo la namna hiyo ni hesabu. Ukipanda miche kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja inakula miche 1,111. Ukanda wa kilomita 2 kwa upana wa mita 500 ni hekta 100, yaani zaidi ya miche 111,000, na hapo hujaweka ya kufidia itakayokufa. Iwe ya asili ya msitu uleule, mbegu ziokotwe kwenye miti mama kadhaa, si mmoja, na ichanganye miti inayokua haraka ya kutoa kivuli na ile ya polepole inayozaa matunda. Misonobari na mikaratusi inakua upesi na inapendeza ikihesabiwa kwenye taarifa ya robo mwaka, lakini kima hapati chakula humo. Kazi kubwa inaanza baada ya kupanda: palizi kwa miaka mitatu ya mwanzo, barabara za kuzuia moto zisafishwe kabla ya Julai, na mifugo izuiwe mpaka mti upite kimo cha mbuzi. Siku ya kupanda miti ina wageni na turubai. Siku ya palizi ya pili huwa haina mtu. Miche mingi hufa hapo.

Sasa shoroba, yaani njia za wanyama kutoka hifadhi moja kwenda nyingine au malisho ya nje, na hapa tutakaa kidogo.

Mtu akitazama ramani ya hifadhi zetu anaona rangi ya kijani nyingi akaridhika. Lakini hifadhi nyingi zilichorwa bila kuwauliza wanyama wanakwenda wapi mwezi wa kumi na mbili. Tarangire ina kilomita za mraba 2,850 na kiangazi inafurika kwa sababu ya mto wake. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia wanatoka kwenda mbuga za Simanjiro kuzaa, kwa sababu nyasi za kule zina madini, hasa fosforasi, ambayo jike anayenyonyesha anayahitaji na nyasi za ndani ya hifadhi hazina ya kutosha. Simanjiro ni ardhi ya vijiji. Ukiifunga kwa mashamba, utaikuta Tarangire ipo palepale, ina geti na wahudumu, na nyumbu wanapungua mwaka hadi mwaka bila mtego hata mmoja.

Mwaka 2022 Wizara ya Maliasili na Utalii ilizindua mpango wa kitaifa ulioorodhesha shoroba 61 na kuchagua 20 za kushughulikiwa kwanza. Kanuni za shoroba zipo tangu 2018, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Karatasi tunazo. Ushoroba hata hivyo haufi kwa uamuzi wa mtu mmoja, unakufa kwa vipande. Mtu wa kwanza analima ekari mbili pembeni. Wa pili anaona hajafukuzwa, analima za kwake. Mlinzi wa shamba anajengewa kibanda, kibanda kinakuwa nyumba, nyumba inavuta njia, njia inavuta duka na mashine ya kusaga. Baada ya miaka minane pana kitongoji chenye mwenyekiti, na kuwahamisha ni kesi na fidia. Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, imepitiwa na barabara kuu ya kwenda Babati na Dodoma, na nafasi iliyobaki kwa mnyama kuvuka ni ile ambayo vijiji vimeamua kuiacha.

Kwa hiyo silaha ya ushoroba ni mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Utaratibu wake unajulikana: halmashauri ya kijiji inaunda kamati, kamati inapita ardhini na wazee na wafugaji wanaojua wanyama hupita wapi, ramani inachorwa, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili na kuipitisha, sheria ndogo zinatungwa, wilaya inaidhinisha, kisha bikoni (alama za mpaka) zinapandwa na hati za kimila zinatolewa, zikiwemo za kundi kwa ajili ya malisho. Malisho ndiyo siri yenyewe. Ukanda ukisajiliwa kama malisho ya pamoja, mfugaji ana sababu yake mwenyewe ya kumzuia mkulima asiulime, na ng'ombe na nyumbu wanaweza kupokezana humo. Katika kijiji cha Terrat, Simanjiro, kampuni za utalii zilianza zamani kidogo kukilipa kijiji kila mwaka ili mbuga ya kuzalia isilimwe, na malisho yakaendelea kama kawaida. Ni mkataba mwepesi unaoeleweka na pande zote.

Mipango hiyo hushindwa kwa sababu za kizembe. Kijiji A kinaacha ukanda hadi mpakani, kijiji B kinapanga mashamba kuanzia mpaka uleule. Tembo anafika ukingoni na kukuta mahindi. Vijiji vinavyoshirikiana ushoroba vipangiwe pamoja, kikao kimoja, ramani moja. Bikoni zinapandwa bila kuandikwa namba za GPS kwenye kitabu cha mtendaji, zinang'olewa usiku, na asubuhi hakuna wa kuthibitisha zilikuwa wapi. Sheria ndogo inatungwa na faini yake haijawahi kutozwa hata mara moja. Mkutano mkuu unafanyika msimu wa kilimo, akidi inatimia kwenye karatasi tu, na miaka miwili baadaye wananchi wanaukana mpango kwa haki kabisa.

Bonde la Kilombero linatosha kuonyesha gharama ya kuchelewa. Lilikuwa na kundi kubwa kuliko yote duniani la sheshe, swala wa mabondeni, na mwaka 2002 liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Mashamba ya mpunga na mifugo iliyohamia vilisogea mpaka majini, na sheshe wakaporomoka. Kulitambua bonde kimataifa hakukumpa mtendaji wa kijiji bikoni hata moja.

Anayeishi kando ya ushoroba analipa ada ambayo mtalii halipi: mahindi yake. Malipo yaliyopo yanaitwa kifuta jasho na kifuta machozi, na majina hayo yanasema kweli, kwani si fidia. Kanuni za mwaka 2011 zilipanga malipo ya mazao kwa kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na kuweka kikomo cha ekari tano. Kiwango kina ubishi wake, lakini kinachouma zaidi ni kuchelewa kwa tathmini. Shamba lililoliwa Machi likikaguliwa Juni, limeshakuwa majani, na mwenye ekari nne zilizoliwa na mwenye ekari moja wote wanasema nne. Askari wa wanyamapori wa kijiji mwenye simu anaweza kupiga picha yenye tarehe na mahali asubuhi ileile na kuituma wilayani. Hilo halingoji sheria mpya.

Kuzuia ni bora kuliko kufuta jasho, na mbinu zipo. Uzio wa pilipili ni nguzo zenye kamba mbili za katani na vitambaa vilivyochovywa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili kali iliyosagwa. Oili inashika pilipili isioshwe na mvua. Inabidi kuchovya upya kila baada ya wiki mbili au tatu, na kila baada ya mvua kubwa. Wanaoshindwa nao ni wale wanaochovya mara moja tu, mahindi yakiwa machanga, kisha tembo anakuja yanapokomaa na kukuta kamba isiyonuka kitu.

Uzio wa mizinga ya nyuki unadumu zaidi. Mizinga inaning'inizwa kila mita 10 kuzunguka shamba, mmoja halisi na unaofuata wa bandia, yote ikiunganishwa kwa waya; ekari moja inataka mizinga 12 halisi na 12 ya bandia. Tembo akiusukuma waya mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Asali ni faida ya juu. Kasoro yake ni kiangazi: pasipo maua na maji nyuki wanahama, na mzinga mtupu ni ubao tu. Weka maji karibu kwenye beseni lenye mawe ya kutua, na ning'iniza mizinga kwa namna ambayo nyegere hataifikia. Pale tembo anapokuwa ameshaingia, vikundi vya ulinzi shirikishi vinafuata ngazi: kwanza tochi yenye mwanga mkali, akikaidi honi, akikaidi bomu la pilipili (kondomu iliyojazwa pilipili ya unga, mchanga na fataki), na fataki ya kurusha angani mwisho kabisa. Usiruke ngazi. Tembo anayezoea mlipuko siku ya kwanza hana tena cha kuogopa siku ya kumi.

Kwa simba na fisi, tatizo ni boma la miiba. Simba mara nyingi haruki ndani. Anazunguka upande wa upepo, ng'ombe wananusa, wanapagawa, wanavunja boma wenyewe na kuuawa nje. Maboma ya nyavu za chuma za kimo cha mita mbili hivi, nguzo zake zikiwa miti inayochipua ikichomekwa mwanzoni mwa mvua, yamepunguza sana mashambulizi ya usiku Simanjiro. Nguzo haiozi kwa sababu ni mti ulio hai. Sehemu dhaifu ni mbili: mlango, unaoachwa wa miiba ili kuokoa fedha, na chini ya wavu, ambako fisi huchimba. Panga mawe chini, na mlango uwe wa chuma.

Tunasisitiza boma kwa sababu boma bovu huzaa sumu, na sumu haichagui. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wawili ananyunyizia mzoga kiuatilifu, mara nyingi kabofurani, akimlenga simba. Wanaofika kwanza ni tai wa mizoga. Hula kwa makundi, na mzoga mmoja unaweza kuua makumi kwa siku moja. Tai huanza kuzaa akiwa na miaka mitano hivi na hutaga yai moja kwa msimu; kundi likifa leo pengo lake halizibiki kwa miaka mingi. Majangili nao wanawatilia sumu kwa makusudi, kwa kuwa tai wakizunguka angani askari anajua pana mzoga. Aina kadhaa za tai wetu sasa ziko katika kundi la walio hatarini zaidi duniani, na hakuna anayewapigia sensa kwa ndege na kutangaza. Ukikuta mzoga wenye ndege waliokufa pembeni, usichune, usiguse kwa mkono mtupu, fukuza mbwa, mwite askari, na mzoga na ndege wote vichomwe mpaka majivu kisha vifukiwe mbali na maji.

Mbwa mwitu adui yake ni mbwa wa nyumbani, anayemletea magonjwa. Walitoweka kwenye nyanda za Serengeti mwaka 1991, na mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, ikaua kama theluthi moja ya simba wa Serengeti. Kuanzia 2012 makundi ya mbwa mwitu kutoka Loliondo yamekuwa yakirudishwa ndani ya hifadhi, lakini mbwa wa vijijini wasipochanjwa tunarudisha chakula cha virusi. Kwa kichaa cha mbwa lengo ni asilimia 70 ya mbwa kila mwaka, na ni kila mwaka kweli, kwa sababu mbwa wa kijijini wanakufa na kuzaliwa haraka mno. Kampeni ya mwaka juzi haina kinga leo. Chanjo ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na timu isije wiki ya kupanda. Watoto wa mbwa nao wachanjwe kichaa siku hiyohiyo. Kuwarudisha nyumbani ati ni wadogo ndiko kunakoshusha kiwango.

Kakakuona yeye hahitaji bunduki wala mtego: akishtuka anajikunja, na mtu anambeba kama mpira. Zamani akionekana kijijini aliwekewa unga, maji na silaha mbele yake atabiri mwaka. Siku hizi anapigiwa simu mnunuzi. Tangu uamuzi wa 2016 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku kabisa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Anazaa mtoto mmoja kwa wakati, na kumfuga karibu haiwezekani kwani hula mchwa na sisimizi hai tu. Doria haitamsikia akichukuliwa. Anayeweza kumwokoa ni mkaguzi wa mizigo bandarini na stendi ya basi.

Tumalizie baharini, ambako askari wa wanyamapori hafiki. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kwisha pamoja na dinosaria, alianza kunaswa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye majarife (nyavu kubwa) ya kina kirefu, na hifadhi ya bahari ikaanzishwa kwa ajili yake mwaka 2009. Nguva wa Rufiji, Mafia na Kilwa wana hali mbaya zaidi. Ni mnyama anayepumua hewa na kula nyasi za baharini. Akinaswa na jarife lililolazwa usiku kucha anazama. Jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka kadhaa. Kinachofaa ni kutolaza jarife juu ya nyasi bahari usiku, na wavuvi wenyewe ndio wanaozijua nyasi hizo ziko wapi kuliko ramani yoyote.

Delta ya Rufiji, yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote nchini, sasa inapokea maji yaliyopita kwanza kwenye Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115. Umeme tunauhitaji, kama tulivyouhitaji ule wa Kihansi. Mafuriko ya Rufiji ndiyo yaliyokuwa yakijaza maziwa ya pembeni, yakileta tope la kulishia mikoko, na kambamiti wa delta walikuwa wakiyafuata. Maji yanayotoka yote kwa kiwango kimoja mwaka mzima hayafanyi kazi hiyo, na maji yanayofunguliwa ghafla yanafagia mashamba ya watu. Tunaomba kwa hiyo jambo moja linalowezekana: ratiba ya ufunguaji wa maji, mita za ujazo kwa sekunde, mwezi kwa mwezi, iandaliwe na wataalamu wa umeme wakiwa meza moja na wa uvuvi, misitu na wanyamapori, kisha ichapishwe hadharani kabla ya msimu. Gazeti lako, Ndugu Mhariri, lina ukurasa wa ratiba za ligi. Nafasi ya mistari kumi na miwili chini yake inatosha.

Wadau wa uhifadhi,
Morogoro